Penta: magonjwa matano, mbinu nne, sindano moja

Mtoto anapofikisha wiki 6, Tanzania au Kenya, huchomwa pajani nusu mililita ya chanjo ambayo wauguzi huiita Penta. Hurudia wiki ya 10, kisha wiki ya 14. Wazazi wengi wanajua kuwa inakinga magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B, na maradhi ya bakteria wa Hib, hasa homa ya uti wa mgongo na nimonia. Kisichosemwa sana kliniki ni kwamba ndani ya nusu mililita hiyo mna mbinu nne tofauti za kutengeneza chanjo. Aliyebuni kila mbinu alilazimika kwanza kujibu swali moja: kimelea huyu anaumizaje?

Kinga hupatikana kwa njia mbili: kupewa na mwingine, au mwili kujijengea. Mwaka 1890, mjini Berlin, Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo walionyesha kwamba majimaji ya damu ya mnyama aliyekwisha kupata kinga yanaweza kumlinda mnyama mwingine. Ugunduzi huo uliokoa wagonjwa wengi wa dondakoo, lakini kinga ya kupewa haidumu. Kingamwili zinazotoka kwa mwingine huisha, na mwili uliozipokea haujui kutengeneza nyingine. Ndivyo zilivyo hata zile ambazo mama humpitishia mtoto kupitia kondo la nyuma: humlinda miezi ya mwanzo, kisha hupungua.

Chanjo huufanya mwili ujijengee kinga yenyewe. Seli za ulinzi huokota chembe za chanjo penye sindano na kuzipeleka kwenye tezi za limfu. Humo, seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, zinazozitambua chembe hizo huanza kuzaliana. Seli T zikizipa msaada, seli B huzidi kuboresha kingamwili zao, kizazi baada ya kizazi, zikibakizwa zile zinazoshika vizuri zaidi. Baadhi huhamia kwenye uboho wa mifupa na kuendelea kutoa kingamwili. Nyingine hubaki seli za kumbukumbu. Msaada wa seli T ndio unaostahili kukumbukwa, maana kwa Hib kila kitu kilikwama hapo.

Tuanze na dondakoo na pepopunda. Bakteria wa magonjwa haya huua kwa sumu. Yule wa pepopunda hukaa kwenye kidonda tu, lakini sumu yake husafiri kwa njia ya mishipa ya fahamu na kukaza misuli ya mwili mzima. Sumu hiyo ni kali kiasi kwamba kipimo kinachoua ni kidogo kuliko kinachohitajika kuiamsha kinga, ndiyo maana aliyepona pepopunda bado anahitaji kuchanjwa. Kwa hiyo shabaha ilikuwa sumu. Mwaka 1923, Gaston Ramon wa Taasisi ya Pasteur nchini Ufaransa aliiweka sumu ya dondakoo pamoja na formalini kidogo kwenye joto la wastani kwa wiki kadhaa. Ikapoteza ukali, lakini umbo linalotambuliwa na seli B likabaki. Bidhaa hiyo ndiyo toksoidi. Peke yake huamsha kinga kwa unyonge, na mwaka 1926 Alexander Glenny wa Uingereza akaonyesha kwamba ikichanganywa na chumvi ya alumini mwitikio huongezeka sana. Chumvi za aina hiyo zimo ndani ya Penta mpaka leo.

Kifaduro hakikukubali njia hiyo. Bakteria wake ana silaha nyingi: sumu zaidi ya moja, pamoja na protini za kunata kwenye koo. Ukizima moja, nyingine zinabaki. Suluhisho likawa kumtumia bakteria mzima aliyeuawa. Wengi walijaribu mapema katika karne ya 20, na matokeo yakayumba. Waliotuliza mambo ni wanawake wawili, Pearl Kendrick na Grace Eldering, katika maabara ya Grand Rapids, Michigan, miaka ya 1930. Walikusanya vimelea kwa kuwakohoza wagonjwa majumbani kwao, wakachagua aina zinazofaa, wakaweka kanuni za kuua na kupima, kisha wakalinganisha watoto waliochanjwa na wasiochanjwa. Bakteria mzima anaamsha kinga kwa nguvu, na huisaidia hata miitikio ya wenzake katika mchanganyiko. Homa na uvimbe wa siku moja au mbili baada ya Penta mara nyingi hutokana na sehemu hii. Nchi nyingi tajiri zilihamia chanjo ya vipande vya bakteria, yenye maudhi machache, lakini kinga yake hupungua mapema zaidi.

Homa ya ini B ilileta tatizo jingine: kirusi chake hakikuoteshwa maabara kwa wingi wa kutengenezea chanjo. Hata hivyo, damu ya waliobeba kirusi hicho ilijaa protini ya ganda lake la nje, ambayo Baruch Blumberg aliigundua miaka ya 1960. Chanjo ya kwanza, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, ilisafishwa kutoka katika damu hiyo. Ilifanya kazi, ila chanjo ya dunia nzima haiwezi kutegemea damu ya wagonjwa. Wanasayansi wakachukua jeni ya protini hiyo na kuipandikiza kwenye hamira. Hamira ikaitengeneza protini kwa wingi, nayo ikajikusanya kuwa vijitufe vidogo mno vinavyofanana na vile vya kwenye damu, bila jeni za kirusi ndani yake. Chanjo hiyo iliidhinishwa mwaka 1986. Protini hiyohiyo imetumika kubebea kipande cha kimelea cha malaria katika chanjo ya RTS,S, iliyoanza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019.

Hib ndiye aliyesumbua kuliko wote. Amejifunika ganda la sukari, na kingamwili dhidi ya sukari hiyo zinamuua. Lakini seli T husoma vipande vya protini, sukari haziisomi. Bila msaada wao, seli B za mtoto aliye chini ya miaka 2 huitikia kwa unyonge na hazihifadhi kumbukumbu, na huo ndio umri ambao Hib huua zaidi. Chanjo ya sukari pekee ya mwaka 1985 iliwafaa watoto wakubwa, ikawaacha wachanga. John Robbins na Rachel Schneerson, na kwa upande mwingine David Smith na Porter Anderson, waliifunga sukari hiyo kwenye protini, kwa mfano toksoidi ya pepopunda. Seli B inayoitambua sukari humeza vyote viwili, kisha huionyesha seli T vipande vya protini na kupata msaada. Ni kama mgeni aliyekosa kukaribishwa mpaka alipofika na mtu anayefahamika nyumbani.

Ushahidi wa nguvu ya mbinu hiyo uko pwani yetu. Kenya ilianza kutoa Penta mwaka 2001. Watafiti wa Kilifi waliofuatilia wagonjwa hospitalini waliona maradhi makali ya Hib kwa walio chini ya miaka 5 yakishuka kutoka takriban 66 kwa kila watoto 100,000 kwa mwaka hadi chini ya 8 kufikia 2004 na 2005, tena kwa dozi tatu za uchangani tu.

Kwa nini tatu? Viambato vyote vya Penta havina uhai. Chanjo hai, kama ya surua, huzaliana mwilini na kuendelea kuiamsha kinga. Hiyo ya surua husubiri miezi 9, kingamwili za mama zisije zikaiua kabla haijafanya kazi. Kisichozaliana hakina budi kurudiwa. Dozi ya kwanza huzitambulisha seli, ya pili huzizidisha, ya tatu huimarisha kinga. Wiki nne za katikati huzipa seli B muda wa kujiboresha.

Utunzaji nao unatokana na viambato hivihivi. Penta hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na kuganda huiharibu, kwa sababu chembe za alumini hujishika mabonge. Ndiyo sababu ya kipimo cha kutikisa: chupa iliyowahi kuganda hutuama haraka kuliko nzima.

Kwa hiyo tarehe za kadi ya kliniki ni sehemu ya chanjo yenyewe, sawa na toksoidi na alumini. Mama ambaye mtoto wake ameishia dozi ya kwanza amepewa sehemu tu ya kile ambacho watafiti hawa walikihangaikia, na anastahili kuelezwa hivyo kwa lugha anayoielewa, bila kukaripiwa. Aambiwe pia kwamba akichelewa haanzi upya: dozi iliyotangulia inahesabiwa, na ile inayofuata itolewe siku hiyohiyo atakayorudi.