Usiku Mmoja Katika Mia Mbili

Kuna ufundi usio na karakana wala chombo, ambao mwenye nao hana cha kumwonyesha jirani ila kaseti chache zilizoandikwa tarehe kwa wino, nao ni ufundi wa kuusikiliza wimbo mmoja uliopigwa na bendi moja zaidi ya mara 200, kwa muda upitao robo karne, kisha kusema kwa hoja, mbele ya watu wengine waliousikiliza kwa bidii ileile, ni usiku upi ambao wimbo ule ulifika. Nasema ulifika, wala sisemi ulipendeza, kwa sababu kupendeza ni jambo la sikio la mtu mmoja kwa saa moja, ilhali kufika ni jambo linaloweza kushuhudiwa.

Wimbo huo ni Dark Star, na wenyewe ni Grateful Dead, bendi iliyozaliwa California mwaka 1965, ambamo Jerry Garcia alipiga gitaa na Phil Lesh gitaa la besi. Bendi hii ilifanya maonyesho zaidi ya 2,300 mpaka Garcia alipofariki tarehe 9 Agosti 1995, na katika maonyesho hayo yote haikukubali usiku mmoja uwe nakala ya usiku mwingine: nyimbo zilibadilishwa mpango, moja ikamwagikia nyingine bila kituo, na jambo lililopatikana jana halikutafutwa tena leo kwa makusudi. Dark Star ilipotoka katika santuri ndogo mwaka 1968 haikutimiza dakika 3, na wanunuzi wake walikuwa wachache. Mwaka uliofuata, katika santuri iitwayo Live/Dead, wimbo uleule, kama ulivyopigwa katika ukumbi wa Fillmore West mjini San Francisco usiku wa tarehe 27 Februari 1969, ulichukua dakika 23. Maneno yake, yaliyotungwa na Robert Hunter, ni beti mbili fupi. Muziki wake una kianzio kifupi ambacho shabiki hukitambua kabla hakijakwisha, na sauti chache za kuegemea chini yake. Baada ya hapo hapana njia iliyochongwa, na mpigaji hana wa kumwongoza ila mwenziwe aliye kushoto na mwenziwe aliye kulia. Mara nyingi ubeti wa pili haukuimbwa kabisa, kwa kuwa walikuwa wamekwenda mbali mno hata kurudi kwake kusingekuwa na maana.

Ustadi wa kuchagua usingalikuwapo lau wasikilizaji wa kwanza wasingalinasa sauti. Walikuja na vinasa sauti vyao, na bendi, ambayo ingaliweza kuwafukuza kama zilivyofanya nyingine nyingi, iliwaachia. Na mwaka 1984 ikawatengea mahali pao rasmi nyuma ya meza ya mafundi wa sauti, kwa tiketi za namna yao, wakasimama pale na maikrofoni zao juu ya vyuma virefu, msitu wa milingoti kama wa majahazi yaliyojipanga bandarini kungoja upepo. Sharti lilikuwa moja, nalo lililindwa na mashabiki wenyewe kwa ukali kuliko askari yeyote: kanda haiuzwi. Hubadilishwa kwa kanda, au hutolewa bure. Mgeni asiye na hata moja alipeleka kwa posta kaseti tupu na stempu za kurudishia, na mtu asiyepata kumwona alikaa usiku akimnakilia, akamwandikia tarehe, mji na orodha ya nyimbo, akafunga bahasha. Katika zama ambazo kila sauti hutiwa bei, naiona desturi hii kuwa ni katika mambo ya heshima kubwa yaliyopata kufanywa na umati wa watu wasiofahamiana.

Sisi tuliolelewa pwani, ambako maneno ya watangulizi hupokewa kwa isnadi, na tenzi zimetufikia kwa khati za wanakili wengi wasioafikiana katika kila neno, hatuhitaji kuelezwa sana jambo linalofuata. Kanda nayo ina nasaba. Kuna kanda mama, iliyokuwapo usiku ule. Kuna kizazi cha kwanza kilichonakiliwa kwayo, na cha pili kilichonakiliwa kwa cha kwanza, na kila kizazi huongeza mvumo wake, hata katika kizazi cha sita au cha saba bendi husikika kana kwamba inapiga ng'ambo ya mto mvua ikinyesha. Kwa hiyo shabiki makini, kabla hajatoa hukumu juu ya wimbo, huuliza kwanza amepokea kwa nani, na huyo alipokea kwa nani, na je, sauti ilichukuliwa katika meza ya mafundi, ambako kila ala hudhihirika lakini ukumbi haupo, au hewani katikati ya watu, ambako ala huchanganyika lakini pumzi ya umati ipo? Aidha, kaseti ya dakika 90 ina dakika 45 kila upande, na haukosi kutokea msiba wa upande kwisha pale hasa Garcia alipoanza kupanda, na kaseti ilipokwisha kugeuzwa alikuwa amekwisha kushuka. Kilichopotea katika sekunde zile hakirudi, na mwenye kuchagua kwa uadilifu hukitaja kuwa kimepotea.

Sasa, huchaguaje? Mwanafunzi huchagua kwa urefu. Huisikia Dark Star iliyopigwa mjini Cleveland tarehe 6 Desemba 1973, ipitayo dakika 43, akadhani kwamba aliyekwenda mbali zaidi ndiye aliyeona mengi zaidi. Mwanafunzi wa namna nyingine huhesabu makosa, na Garcia alikuwa msahaulifu wa maneno mpaka mashabiki wakalizoea jambo hilo kama tabia ya jamaa wa nyumbani. Lakini usiku usio na kosa waweza kuwa usiku ambao hakuna aliyethubutu. Fundi halisi husikiliza kitu kingine. Husikiliza kama wapigaji wenyewe wanasikilizana. Hungoja dakika ile ambayo besi ya Lesh, badala ya kukaa chini ya gitaa kama kiti chini ya mtu, inainuka na kuliuliza gitaa swali, akapima kama Garcia amelisikia, kama amejibu, kama jibu lake limembadilishia mpiga ngoma mwendo wake. Hungoja ile sehemu ngumu, ambapo mdundo umevunjika na sauti zimetawanyika na wapigaji wote wamo gizani, akatazama nani wa kwanza atakayeona nuru, na je, wenziwe watamfuata kwa kuwa wamesadiki au kwa kuwa wamechoka. Kisha hungoja marejeo: kile kianzio kifupi cha wimbo, baada ya dakika 10 au 20 za kutangatanga, kinaporudi ghafula na ukumbi mzima ukapiga ukelele. Usiku mwingine kinarudi kama mtu aliyeshindwa na safari akakimbilia kwao. Usiku mwingine kinarudi kama mwezi unaotoka nyuma ya wingu, ambao haukuwa umekwenda popote. Tafauti ya marejeo haya mawili haiandikiki kwa noti, na mtu aliyesikiliza Dark Star tatu hawezi kuitambua. Aliyesikiliza hamsini hawezi kuikosa.

Hapa pana mtego, nao umewanasa watu wenye akili. Usiku uliosifiwa kuliko wote katika historia ya bendi hii ni wa tarehe 8 Mei 1977, katika ukumbi wa Barton wa Chuo Kikuu cha Cornell, na Maktaba ya Bunge la Marekani imeuingiza katika orodha ya sauti za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Dark Star haikupigwa usiku ule, lakini mfano wake watuhusu. Ulinaswa na Betty Cantor-Jackson, fundi wa sauti mwenye sikio la nadra, na kanda zake, zilizowekwa katika ghala la kupanga na mwishowe kunadiwa mwaka 1986, zilitoka humo na kuwafikia wabadilishanaji zikiwa safi kama maji ya kisima. Ulikuwa usiku mwema, sikatai. Lakini ni nyusiku ngapi zilizo sawa nao zimekaa bila sifa kwa kuwa kanda zao ni za kizazi cha saba, au kwa kuwa mwenye maikrofoni alikuwa amesimama karibu na mlevi? Watu hudhani wanachagua muziki, kumbe wanachagua unasaji. Dawa ya mtego huu ni subira ya kuisikiliza kanda mbaya mara tatu, mpaka sikio lizoee mvumo na kuanza kuona nyuma yake, na subira hiyo ndiyo iliyomtenga Dick Latvala na wenziwe.

Latvala alikuwa shabiki na mbadilishanaji wa kanda, hakuwa msomi wa muziki wala mfanyabiashara, na bendi ikaja kumkabidhi ghala lake la kanda alitunze. Tangu 1993 alianza kutoa, kwa jina la Dick's Picks, maonyesho aliyoyachagua mwenyewe, la kwanza likiwa la Tampa, Desemba 1973. Na la nne likarudisha kwa watu, kwa sauti safi, Dark Star ya Fillmore East, New York, ya tarehe 13 Februari 1970, iliyokaribia nusu saa, ambayo wengi waliokuwa wameichagua kwa kanda hafifu walifarijika kuona kwamba masikio yao hayakuwadanganya. Alifariki mwaka 1999. Naona fahari kwamba kazi ile ilipewa mtu ambaye sifa yake ilikuwa ni kusikiliza.

Alikuwapo pia John Oswald wa Kanada, ambaye katika miaka ya 1994 na 1995 alizichukua Dark Star zaidi ya 100 za miaka mbalimbali akazishona kuwa moja ndefu, iitwayo Grayfolded, ambamo Garcia kijana na Garcia mzee hupiga pamoja. Ni kazi ya ustadi mkubwa, nami huisikiliza. Walakini si kuchagua. Mwenye kuchagua hukubali usiku pamoja na kasoro zake, kwa kuwa hata kasoro ilikuwa na mchango katika kufika.

Ikhtilafu za mashabiki juu ya Dark Star hazijesha. Wapo wa 1969, ambao kwao ile ya Live/Dead ni msingi na zilizofuata ni sherehe juu yake. Wapo wa Februari 1970. Wapo walioipenda ilipofufuliwa mjini Hampton, Virginia, Oktoba 1989, baada ya kutopigwa tangu 1984, ijapokuwa nadhani hao walipenda furaha ya kuiona tena kuliko muziki wenyewe. Nimewasikiliza wote, na hukumu yangu ni Veneta, Oregon, tarehe 27 Agosti 1972, katika uwanja wa wazi, mchana wa joto lililowachosha watu na ala, onyesho lililofanywa ili kuisaidia kampuni ndogo ya maziwa ya jamaa wa mwandishi Ken Kesey, na tiketi zake zikachapwa juu ya lebo za mtindi. Ilipita nusu saa. Katika nusu saa hiyo siwezi kuonyesha mahali hata pamoja ambapo mpigaji mmoja amemwacha mwenziwe nyuma, wala mahali ambapo mtu amepiga ili asikike yeye. Ilipokwisha hawakusimama, waliingia moja kwa moja katika El Paso, wimbo wa wachunga ng'ombe wa Marty Robbins, na jua lilikuwa linatua.