Kosa Lina Umbo Lake

Tukihesabu mafundi wa mji tunawataja makanika, maseremala, mafundi umeme na mafundi cherehani. Kijana wa steshenari hayumo. Yeye ni "yule wa kopi". Anakaa nyuma ya meza chini ya feni, kompyuta mbele, printa mbili kando, na wapita njia wanaamini kazi yake ni kubonyeza kitufe na kupokea hela. Nataka kumsifu, ila si kwa kubonyeza. Sifa zake zinaanzia pale anapobonyeza na kinachotoka sicho.

Kadi na lebo ndizo kazi zinazomuumbua mchapaji. Barua ikisogea milimita tatu kushoto, hakuna atakayegundua. Lebo ya asali ikisogea milimita tatu, jina la mzalishaji linakatwa na nusu ya nyuki inahamia chupa ya pili. Kadi ya harusi ya kukunja, ukikosea upande wa kugeuzia karatasi, nje inasomeka vizuri na ndani bwana harusi yuko kichwa chini miguu juu. Tena kazi hizi hazitumii karatasi ya kawaida ya gramu 80. Ni stika, ni manila, ni kadi nzito za gramu 250 au 300 zinazonunuliwa kwa kuhesabiwa. Na mteja hana subira, maana kamati inakutana jioni na kadi zinatakiwa mezani.

Hapo ndipo mafundi wanapojitenga. Kuna anayeona chapa imekwenda kombo akaanza kupigana na programu: anasogeza maandishi juu kidogo, anachapa, anasogeza kulia, anachapa, pakiti ya stika inaisha. Na kuna anayezuia mkono. Huyu anatoa nakala moja kwenye karatasi ya kawaida, anailaza juu ya karatasi ya stika isiyoguswa, anaziinua zote mbili kuelekea kwenye mwanga na kutazama mistari inavyopishana. Ni fundi cherehani anayekata gazeti kwanza kabla ya kugusa kitenge cha mtu.

Anachotazama ni umbo la kosa. Chukua karatasi ya A4 yenye lebo 21, safu saba za lebo tatu tatu, kila lebo ikiwa na upana wa milimita 63.5 na kimo cha 38.1. Ikiwa safu zote saba zimesogea kwa kiasi kilekile, basi kila kitu kiko sawa isipokuwa mahali pa kuanzia. Rekebisha ukingo mara moja, umemaliza. Ikiwa kuna safu iliyokaa barabara na kosa linakua kadiri unavyokwenda mbali nayo, usiguse ukingo hata kidogo. Kuna mahali kazi imepunguzwa ukubwa. Mara nyingi mkosaji ni kile kisanduku cha "Fit" kwenye dirisha la kuchapia, ambacho kwa nia njema kabisa kinaifinya kazi yako hadi asilimia 97 ili iingie ndani ya kingo ambazo printa haiwezi kuzifikia. Asilimia tatu si kitu kwenye barua. Kwenye safu saba zenye jumla ya milimita 267, ni milimita 8. Na ikiwa mistari haikusogea wala haikupungua bali imelala upande, iache kompyuta kabisa, vuta trei, ubane zile kingo za plastiki zinazoshika karatasi.

Makosa matatu ambayo kwa mteja ni kosa moja: "haijakaa vizuri". Ndiyo maana nasema huu ni ufundi wa kusoma.

Lipo pia kosa la ugeni. Programu nyingi za kubuni lebo na kadi zimetoka Marekani, na zinapofunguliwa mara ya kwanza hudhani karatasi iliyopo ni ile ya huko, Letter, yenye milimita 216 kwa 279. Sisi tunatumia A4, milimita 210 kwa 297, iliyozaliwa katika kanuni za Kijerumani za mwaka 1922 na sasa ni ya karibu dunia nzima. Ya kwao ni pana kwa milimita 6 na fupi kwa 18. Hata lebo zenyewe za kubandua na kubandika zina asili huko: Stan Avery alianza kuzitengeneza Los Angeles mwaka 1935, kwa mtaji wa dola 100 alizokopeshwa na mchumba wake, na mpaka leo ukifungua orodha ya vipimo vya lebo kwenye programu nyingi utakutana na jina la Avery na namba zake. Kijana wa Kariakoo anayechagua kutoka orodha hiyo anachagua kati ya karatasi ambazo nyingi hazijawahi kufika dukani kwake. Aliye makini haiamini orodha. Anachukua rula, anapima stika iliyo mkononi, anaandika vipimo mwenyewe.

Rula ina kazi nyingine ninayoipenda kuliko zote. Printa ya leza ikianza kuacha doa jeusi linalojirudia ukurasa mzima, mtu wa kawaida anasema mashine imechoka. Fundi anapima umbali kutoka doa hadi doa. Ndani ya printa kuna rola za unene mbalimbali, na kila moja ikizunguka duru moja kasoro yake hurudi kwenye karatasi. Umbali kati ya madoa ndio mzunguko wa rola yenye kasoro. Madoa yakipishana kwa milimita 75 hivi, mtafute mwenye kipenyo cha milimita 24, na katika printa nyingi ndogo za mezani huyo ni dramu. Hesabu ya duara tuliyofundishwa shuleni tukiwa na hakika haitatufaa popote, hapa inamwokoa mtu asinunue printa nyingine.

Kisha kuna tona, ule wino wa unga wa printa ya leza, inayobanduka. Kadi imetoka safi, mteja anapitisha kucha, herufi zinapukutika. Mbinu hii ya kuchapa kwa umeme tuli na unga mkavu ilianzia kwa Chester Carlson, aliyepata nakala yake ya kwanza Astoria, New York, tarehe 22 Oktoba 1938, na kimsingi haijabadilika: unga unavutwa kwenye karatasi, halafu joto linauyeyusha ushike. Joto hilo hukaribia nyuzi 200. Manila nene inalimeza joto lile na kupita kabla unga haujayeyuka vizuri. Kwa hiyo fundi haongezi wino, kama anavyoshauriwa na kila aliyesimama kwenye foleni. Anaiambia printa, kwenye mipangilio yake, kwamba karatasi ni nene, nayo inapunguza mwendo. Kama printa ina mlango wa nyuma, anaufungua ili kadi itoke imenyooka bila kupindishwa tumboni. Joto hilohilo ndilo linalokataza jambo moja ambalo wabana matumizi hawapendi kulisikia: karatasi ya stika iliyokwisha kubanduliwa lebo mbili tatu isirudishwe kwenye leza. Gundi iliyo wazi, au lebo iliyoanza kulegea, itabaki ndani, na gharama yake si ya lebo tena.

Watu wa pwani wana tatizo la ziada, unyevu. Ukiiacha rimu wazi mezani wakati wa masika, karatasi inakunywa unyevu wa hewa, inajikunja pembe, inaingia mbili mbili. Mwenye akili hufungua anachohitaji na kuirudisha iliyobaki kwenye ganda lake.

Hayo ni ya mashine. Ya programu yana siri zaidi, kwa kuwa chapa inatoka nzuri na bado ni makosa. Harusi zetu zinaendeshwa na orodha: nani kachangia, nani kamaliza ahadi, nani anapata kadi ya Single, ya mtu mmoja, na nani Double, ya wawili. Orodha iko kwenye Excel, kadi iko kwenye Word, na programu inaziunganisha. Lebo za bahasha zikitoka zote zina jina la mjomba mmoja, fundi anajua kilichokosekana ni maelekezo ya kuruka hadi jina linalofuata, yale yanayoandikwa "Next Record". Namba za simu zikitoka bila sifuri ya mwanzo, anajua Excel imezichukulia kuwa kiasi cha kuhesabu, na kwenye kiasi sifuri ya mbele haina thamani. Safu nzima inabidi ibadilishwe iwe maandishi kabla namba hazijaingizwa. Faili lililotengenezwa nyumbani likifunguka dukani na herufi za kawaida badala ya zile za mikunjo mizuri, fonti imebaki kwenye kompyuta ya mwenyewe.

Na kuna Bismillahi. Kadi za Waislamu nyingi huanza nayo juu kabisa kwa Kiarabu, na programu isiyoyajua maandishi hayo huzitenganisha herufi moja moja na kuzipanga kutoka kushoto. Kwa asiyesoma Kiarabu bado inaonekana ni Kiarabu. Hili ni kosa ambalo jicho la fundi peke yake halitoshi, na hapa namheshimu zaidi yule anayemwita mteja na kumwambia, "Shehe, hebu nisomee hapa kabla sijachapa." Akishapata iliyo sahihi, anaigeuza mchoro ili isivunjike tena itakakokwenda.

Siku hizi kazi ya kadi inapungua. Mialiko mingi inakuja kwa WhatsApp na msimbo wa kuskaniwa mlangoni. Lebo ndizo zinazoongezeka, kwa sababu akina mama wanaosaga karanga na kufungasha viungo wanataka kuingia supamaketi, na huko hupiti bila bakodi. Zinazotolewa Tanzania huanza na 620, za Kenya 616. Bakodi ya kwanza ya aina hii kusomwa dukani ilisomwa Troy, Ohio, tarehe 26 Juni 1974, kwenye pakiti ya chingamu, na tangu hapo wachapaji hawajalala. Wengine huichapa kwa rangi nyekundu ifanane na lebo, wakati skana nyingi humulika kwa mwanga mwekundu na hazioni mlia mwekundu juu ya weupe. Wengine hupunguza ile nafasi tupu ya pembeni ili jina la bidhaa lipate kukaa, kumbe skana inaihitaji ile nafasi ijue milia inaanzia wapi.

Kosa gumu ni lile lisiloonekana. Printa ndogo za lebo, zile za joto, nyingi huchapa nukta 203 kwa inchi, yaani nukta 8 kwa milimita. Mlia mwembamba wa bakodi ya kawaida una milimita 0.33. Zidisha: nukta 2.64. Printa haina vipande vya nukta, kwa hiyo milia mingine inaipa nukta mbili na mingine tatu, na uwiano ambao ndio maana yote ya bakodi unaharibika. Kwa macho ni safi kabisa. Skana inakataa. Kijana anayejua haivuti picha ya bakodi kwa kipanya hadi itoshe. Anachagua ukubwa ambao mlia mwembamba ni nukta tatu kamili, milimita 0.375, na bakodi nzima pamoja na nafasi zake inachukua milimita 42 hivi. Ukubwa huo unakubalika, kwa kuwa kanuni zinaruhusu kuanzia asilimia 80 hadi 200 ya kipimo cha kawaida.

Njia yao, wale walio hodari, ni kuikata shida nusu kwa nusu. Wanaiamuru printa itoe ukurasa wake wa majaribio bila kompyuta. Ukitoka mzuri, mashine imeshinda kesi, na anayetafutwa yuko kwenye waya, draiva, programu au faili. Wanachapa faili lingine. Wanachapa faili lilelile kutoka programu nyingine. Wanabadilisha kitu kimoja, wanatazama, ndipo wanagusa cha pili. Sina imani na yule anayefuta kila kitu na kuingiza upya. Huenda ikafanya kazi, lakini wiki ijayo tatizo likirudi atakuwa hajui zaidi ya alivyojua leo.

Ufundi huu hauna bei ukutani. Ukutani kuna bei ya kopi, ya kuskani, ya laminesheni. Nusu saa ya kutafuta kilichoharibu lebo haimo, na kijana anaona haya kuidai. Ni dhuluma ndogo tuliyoizoea.

Basi ukiwa na kadi au lebo za kuchapwa, peleka faili la PDF lenye fonti ndani yake, si picha iliyopita WhatsApp ikabanwa hadi nembo yako ikawa ukungu. Ukilazimika kuituma huko, itume kama hati. Usiende saa moja kabla ya kikao. Soma nakala ya majaribio mwenyewe, majina yote, na namba yako ya simu. Na akikuomba ulipie karatasi hizo za majaribio pamoja na muda wake, lipa.