Sasumua: Bwawa la Udongo Ulioshindwa Mtihani wa Maabara

Bwawa la Sasumua, kwenye miteremko ya Nyandarua upande wa Kinangop Kusini, lilijengwa miaka ya 1950 kuipatia Nairobi maji. Kinachozuia maji pale ni udongo wa mfinyanzi mwekundu uliochimbwa jirani. Ukiutazama kwa vipimo vya kawaida vya maabara, ni udongo ambao mhandisi makini angeukataa.

Sababu za kuukataa zilikuwa tatu. Udongo huo ulibeba maji mengi mno kabla ya kuanza kutiririka. Katika chati ya Casagrande, inayopanga aina za udongo kwa jinsi zinavyofinyangika, uliangukia chini ya Mstari A, upande wa mchangatope na udongo wenye mboji. Tena, hata uliposhindiliwa barabara ulibaki mwepesi na wenye maji mengi, ilhali wajenzi wa mabwawa hupenda tuta zito na kavu kiasi.

Lakini ulipopimwa moja kwa moja, ukibebeshwa mzigo, ukikatwa na kupitishiwa maji, majibu yalikuwa kinyume. Msuguano wake ulikuwa mkubwa, haukubonyea sana, na maji yalipenya kwa shida. Fumbo hilo lilifafanuliwa na Karl Terzaghi, mhandisi anayehesabiwa kuwa baba wa mekanika ya udongo, katika makala aliyoichapisha mwaka 1958.

Madini makuu ya udongo wa Sasumua ni haloisaiti, zao la kuoza kwa miamba ya volkano. Terzaghi alieleza kwamba chembe zake hazikai mojamoja. Zimegandana katika vijidonge vigumu, vyenye vitundu ndani na ngozi inayokwaruza, na oksidi za chuma ni sehemu ya gundi inayovishika. Maji mengi yaliyopimwa yalikuwa yamefungiwa humo, kama maji ndani ya madafu: yapo, lakini hayafanyi rundo la madafu liteleze. Nguvu ya tuta inatoka pale vijidonge vinapogusana, na pale maji si mengi.

Kosa jingine la kipimo liko kwenye oveni. Kanuni inataka udongo ukaushwe kwa nyuzi 105 za Selsiasi, na uzito unaopungua uhesabiwe kuwa maji. Haloisaiti ina maji mengine ndani ya fuwele yenyewe, nayo oveni huyafukuza. Hivyo udongo huonekana mbichi kuliko ulivyo. Mbaya zaidi, ukishakauka haurudi kuwa ulivyokuwa: chembe hugandana zaidi, na vipimo vya kufinyangika hushuka. Sampuli mbili za shimo moja, moja iliyoanikwa na nyingine iliyotunzwa na unyevu wake, zinaweza kuandikwa kama udongo wa aina mbili.

Sasa teremka hadi tambarare za kusini na mashariki mwa Nairobi, kwenye udongo mweusi wa mbuga. Huo nao hubeba maji mengi, lakini kwa sababu tofauti kabisa. Huko juu mvua huchuja na kuondoka na silika. Kwenye mabonde yasiyotoa maji, silika, kalsiamu na magnesiamu hubaki na kuunda simektaiti. Gramu moja ya madini hayo ikitandazwa chembe kwa chembe inaweza kufunika mita za mraba mia kadhaa, wakati madini ya kaolini hufunika kama 10 hadi 20. Maji huingia katikati ya tabaka zake na kuzisukuma zitengane. Masika udongo huvimba, kiangazi husinyaa na kupasuka. Nyumba nyepesi ya ghorofa moja huumia zaidi ya jengo zito, kwani haina uzito wa kuukandamiza udongo unapoinuka.

Hapa ndipo namba moja pekee inapompotosha mjenzi. Udongo wa aina hizi mbili unaweza kutoa kikomo cha maji, yaani kiasi cha maji ambacho udongo huanza kutiririka, kinachokaribiana, mmoja ukafaa bwawa na mwingine ukapasua kuta. Dawa zake pia haziingiliani. Mweusi huondolewa, au huchanganywa na chokaa, au msingi hushushwa hadi chini ya kina ambako unyevu haubadiliki kwa misimu. Mwekundu wa Sasumua hushindiliwa ukiwa na unyevu wake wa asili, bila kulazimishwa kukauka na bila kuchakatwa hadi vijidonge vivunjike.

Kwa hiyo ripoti ya udongo isomwe kwa maswali manne. Udongo umetoka kwenye mwamba gani, mlimani au bondeni? Sampuli ilikaushwa kabla ya kupimwa? Kipimo kilibadilika udongo ulipokandwa kwa muda mrefu zaidi? Na nguvu na upenyaji wa maji vilipimwa, au vilikisiwa kutoka kwenye chati? Ripoti isiyojibu swali la nne haitoshi kukubali udongo wala kuukataa.