ISO Inatafuta Kwao

Chukua Leica M3, kamera iliyotoka mwaka 1954, uiweke mezani. Huhitaji kuiwasha, kwa sababu haina betri ya kuiwasha. Itazame tu kutoka juu, kama unavyotazama saa ya mkononi, utajua picha inayofuata itapigwaje: kasi ya shata imeandikwa kwenye nobu, ukubwa wa tundu kwenye pete ya lenzi, na umbali kwenye pete ya pili. Jambo la nne, wepesi wa filamu kushika mwanga, liliamuliwa dukani. Ukinunua filamu ya ISO 400, ni 400 hadi picha ya 36.

Kisha likaja jambo ambalo wapigapicha wa kamera hizi za renjifainda wamelibishania kwa miaka zaidi ya 20. Kihisi cha dijitali kiliifanya ISO iwe ya kubadilishwa picha kwa picha, sawa na kasi na tundu, ila nobu na pete zilikuwa zimeshagawanywa nusu karne kabla. Mgeni huyu hakuachiwa kiti.

Kwa asiyezijua, renjifainda ni kamera isiyotazama kupitia lenzi yake. Ina dirisha la kutazamia kwenye kona, na katikati ya dirisha hilo kuna kipande kidogo chenye mwanga, kinachoonyesha picha ya pili juu ya ile ya kwanza. Ukizungusha pete ya umbali, kijimkono cha chuma ndani ya kamera hufuata mwendo wa lenzi na kuisogeza picha ya pili. Zikilaliana zikawa moja, fokasi imekaa. Umeme hauhusiki. Mtu aliyezoea chombo ambacho kazi yake ngumu kuliko zote inafanywa na chuma kitupu hana subira ya kuhojiwa na menyu.

Renjifainda ya kwanza ya dijitali, Epson R-D1 ya mwaka 2004, ilimpokea mgeni kwa adabu ambayo mimi sijaiona tena. Ilijengwa kwa ushirikiano na Cosina wa Japani, na Epson wenyewe wana undugu na Seiko, watengeneza saa. Undugu huo ulijionyesha juu ya kamera: kisahani chenye mishale, mmoja wa picha zilizobaki, mwingine wa betri, mwingine wa ubora wa faili, na mwingine wa aina ya mwanga. ISO ilifichwa ndani ya nobu ya kasi. Unainua pete ya nje, unazungusha, unaachia. Kamera nyingi za filamu ziliambiwa aina ya filamu kwa njia hiyohiyo, kwa hiyo vidole havikufundishwa kitu kipya. Skrini ya nyuma ungeweza kuigeuza uso ndani ukaisahau siku nzima. Hata mkono wa kuvutia filamu walibaki nao, na haukuwa pambo: bila kuuvuta, shata haikoki. Wapo waliocheka kuona kamera ya dijitali inayovutwa kwa kidole gumba kabla ya kila picha, na kusema kweli lilikuwa jambo la kuchekesha kidogo.

Leica walipoingia mwaka 2006 na M8, ISO ikatumbukizwa kwenye menyu. Bonyeza kitufe, skrini iwake, chagua, thibitisha. Nje ya kamera hapakubaki alama yoyote ya kukuambia uko kwenye 160 au 2500. Swichi iliyozunguka kitufe cha shata nayo ilibebeshwa mengi: kuzima, picha mojamoja, picha mfululizo, na kujipiga kwa kuchelewesha. Gumba lenye haraka lilikuwa likipitiliza kituo. M9 ya mwaka 2009 iliipa ISO kitufe chake nyuma. Unakishikilia huku ukizungusha gurudumu. Ilikuwa nafuu, lakini jibu bado lilikuwa kwenye skrini, na skrini haiwaki kamera ikizimwa.

Mwaka 2012 kelele zilifika kwenye paa. M mpya, Typ 240, ilikuja na video, na kitufe cha kurekodi kikawekwa juu karibu kabisa na shata, kwenye uso ambao tangu 1954 ulikuwa wa vidole viwili tu. Unene nao ukafika milimita 42. Waliolalamika waliitwa wahafidhina, na baadhi yao walikuwa wahafidhina kweli. Lakini ukiwasikiliza vizuri, wengi hawakuwa wakiichukia video. Walichokichukia ni kitufe kinachobonyezeka bila kukusudia mahali ambapo kidole kinapumzika. Hizo ni hoja mbili tofauti, na kwa miaka kadhaa watu walizichanganya.

Wahafidhina wenyewe wana kesi ya zamani inayoonyesha wasivyoshikika. Mwaka 1998 Leica M6 TTL ilipewa nobu ya kasi iliyo kubwa zaidi, na mwelekeo wake ukageuzwa ufuate mishale ya kipima mwanga iliyo ndani ya dirisha: mshale ukikuelekeza upande fulani, zungusha upande huohuo. Huwezi kutaka busara zaidi ya hiyo. Hata hivyo MP ya mwaka 2003 ilirudishiwa nobu ndogo na mwelekeo wa kale, kwa sababu mikono ya miaka 40 ilikuwa imeshajifunza kinyume. Urahisi wa mtu anayeanza leo na urahisi wa mtu aliyezeeka na chombo ni vitu viwili, na mtengenezaji analazimika kuchagua atamuudhi nani.

Jibu la Leica kwa kelele za Typ 240 lilikuwa kupunguza. Typ 262 ya mwaka 2015 iliondolewa video pamoja na kutazama kupitia skrini. Mwaka mmoja kabla yake, kuadhimisha miaka 60 ya mfumo wa M, walitoa seti 600 za M Edition 60 iliyochorwa na Audi Design, bila skrini kabisa. Mahali pa skrini, katikati ya mgongo wa kamera, palikaa nobu ya ISO. Mwaka 2016 umbo hilo likawa kamera ya kawaida ya dukani, M-D, inayohifadhi faili ghafi za DNG tu.

Hapa ndipo naachana na wale wanaosema kufuta ndiyo usahili. M10-D ya mwaka 2018 haina skrini, lakini ina Wi-Fi na programu ya simu. Ukitaka kuona ulichopiga, unatoa simu mfukoni. Menyu haikuondoka, ilihama nyumba, na sasa unabeba betri mbili badala ya moja. Kamera hiyo ilipewa pia kijimkono kinachofanana na ule wa kuvutia filamu, ila hiki hakivuti chochote. Ni egemeo la gumba. Waliozoea R-D1 walikiona kama meno ya bandia kinywani mwa kijana. Mimi nakitetea. Kamera za M ni laini na hazina mahali pa kushika, ndiyo maana watu walikuwa tayari wakinunua maegemeo ya gumba na kuyachomeka mahali pa flashi.

Katikati ya hayo yote, M10 ya mwaka 2017 ndiyo iliyokaribia zaidi. Unene ulipunguzwa hadi milimita 38.5, video ikatolewa, vitufe vya nyuma vikabaki vitatu, na swichi ya shata ikarudishwa kuwa ya kuwasha na kuzima. ISO ilipewa nobu yake juu kushoto, pale ambapo kamera ya filamu ilikuwa na nobu ya kurudishia mkanda. Ukiitazama kamera kutoka juu ikiwa imezimwa, unasoma yote manne.

Lakini ili kuizungusha lazima kwanza uiinue kwa vidole viwili, na mtu mwenye jicho dirishani hawezi kuifanya hiyo kwa mkono unaoshikilia lenzi. Wanaoitetea wanasema kufuli hiyo huzuia ISO kubadilika ndani ya mkoba. Ni kweli. Nashuku, hata hivyo, kwamba umbo la nobu ya kurudishia mkanda lilichaguliwa kwanza na sababu zikatafutwa baadaye. Wengi wameiponya kwa njia ya mtaani kabisa: wanaiinua asubuhi na kuiacha juu kutwa nzima.

Wengine wameiweka kwenye A, alama ya kamera kujichagulia ISO, na kuisahau. Huu ndio utaratibu wa wengi wanaopiga barabarani: lenzi ya milimita 35, tundu f/8, umbali mita 3, kasi 1/250, ISO ijichagulie yenyewe. Kwa mpangilio huo kila kilicho kati ya mita 2 na mita 7 hivi kitakuwa wazi. Huzungushi kitu. Ukiwa na haja ya kusogeza fokasi, kishikizo kidogo chini ya lenzi kinakuambia umbali kwa pembe ya kidole kabla kamera haijafika usoni. Kwa watu hawa ile nobu iliyogombewa miaka 13 haina kazi, na A yake ni sawa na ile filamu ya dukani: jambo lililoamuliwa kabla ya kutoka nyumbani.

M11 ya mwaka 2022 iliiacha nobu ya ISO pale pale juu kushoto. Ungedhani shauri limeisha. Septemba 2024 ikatoka M11-D, isiyo na skrini, na ISO imerudi mgongoni, mahali pale pale ilipokuwa kwenye zile seti 600. Kamera ikiwa mezani, huwezi kuisoma tena bila kuigeuza.