Mbwa Asiyerukia Watu: Namna ya Kuutambua Ufundi wa Mwalimu Wake

Mbwa anayeketi mara mwalimu wake anaposema "kaa!" bado hajathibitisha mengi. Mjuzi wa kazi hii hutazama jambo gumu zaidi: mgeni aingie getini, asalimie, asogee, na asiwepo wa kutoa amri. Mbwa aliyefunzwa vizuri atamwendea, ataketi mwenyewe na kungoja apapaswe.

Marekani kipimo hicho kina mtihani wake rasmi. Tangu 1989 chama cha American Kennel Club huendesha mtihani wa Canine Good Citizen, wenye majaribio 10. Katika la kwanza, mgeni humsalimia mwenye mbwa na mbwa hatakiwi kuvuruga maamkizi. Katika la pili, mbwa huketi kwa adabu akipapaswa. Vitafunwa vya kumtuliza haviruhusiwi. Mafunzo yawe yameshamwingia.

Mwalimu hodari hujua kwanza kwa nini mbwa huruka. Watoto wa mbwa huwaamkia wakubwa wao kwa kuwalamba midomo, na uso wa binadamu uko juu. Akiruka anatazamwa, anashikwa, anasemeshwa. Hata kelele za "shuka!" kwake ni kusikilizwa, kwa hiyo kesho ataruka tena.

Dawa yake ni kumpa njia nyingine ya kuyapata hayo hayo, kwani aliyeketi hawezi kuruka papo hapo. Hapa ndipo mikono ya fundi inapoonekana. Zawadi humfikia mbwa makalio yakiwa bado chini, wala si baada ya kuinuka. Hutolewa chini ya kidevu, maana chakula kikitoka juu pua hukifuata, na miguu ya mbele huinuka. Wengine hutumia kidude kinacholia "klik" kuonyesha nukta halisi ya tendo jema. Kule Morogoro, shirika la APOPO huwafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa mlio kama huo, unaofuatwa na chakula.

Mbwa asipojaliwa tena akiruka, mwanzoni huzidisha kuruka. Mwalimu mchanga hukata tamaa hapo na kumshika. Bingwa alishaionya familia mapema. Tena huwaita wote, kuanzia babu hadi dada wa kazi, kwa sababu mwanasaikolojia B. F. Skinner alionyesha kwamba tabia inayotuzwa mara mojamoja ndiyo ngumu kufutika. Mjomba mmoja anayefurahia kurukiwa kila Jumapili anatosha kuharibu kazi ya wiki nzima.

Kuna utulivu wa bandia pia. Mbwa aliyepigwa goti kifuani huenda akabaki chini, lakini mwili wake husema: mkia umefyatwa, masikio yamelala nyuma, analamba midomo, anakwepesha uso. Huyo amefundishwa kuogopa wageni, na mbwa mwenye hofu aweza kuuma. Mwaka 2021 chama cha Marekani cha madaktari wa tabia za wanyama, AVSAB, kilishauri mbwa wote wafunzwe kwa tuzo.

Anayetaka kumlipa mwalimu aombe kuonyeshwa mbwa aliyemaliza mafunzo, nyumbani kwa mwenye mbwa, mwenyewe anaporudi jioni. Mtoto apite mbio, mgeni aingie na mfuko wa nyama. Atazame kamba ya mbwa: ikining'inia imelegea huku mkia ukitikisika, fedha zake ziko mahali salama.