Sifa za Ustadi wa Kugeuza Umeme

Miongoni mwa sanaa zistahilizo taadhima, na ambazo aghalabu watu huzipita bila ya kuzitupia jicho, imo kazi ya yule autwaaye umeme wa betri, wa volti 12 na wa mwendo wa upande mmoja, akaufanya umeme wa volti 230 uendao na kurudi mara 50 katika kila sekunde, ukawasha taa za zahanati bila ya mgonjwa wala mganga kujua kuwa pana kazi iliyofanyika. Fikra hii imenijia kwa sababu ya tangazo nililolisoma, la waajiri wanaomtafuta mhandisi mwandamizi wa kusanifu vyombo vya namna hiyo, yaani inveta. Wametaja shahada, wametaja miaka ya uzoefu, wametaja programu za kompyuta, lakini neno joto halimo.

Sisi wa Masasi na Newala tunalijua joto. Mwezi wa Oktoba, korosho zinapookotwa na mvua haijashuka, chumba chenye paa la bati huwa tanuri, na inveta iliyosanifiwa kwa nchi za baridi hutundikwa humo ukutani, vumbi jekundu likiiziba feni na mijusi wakitaga mayai ndani yake. Kapasita zake, ambazo umri wake hupungua kwa kadiri ya nusu kila joto lizidipo nyuzi 10, huvimba vichwa kabla ya wakati. Na mwenye mali huulaumu umeme, ilhali kosa lilitendeka zamani, siku mchoro ulipochorwa na mtu asiyeuliza chombo kitaishi wapi.

Karibu na soko la Masasi yupo fundi mmoja mzee wa vyombo vya umeme, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa mwenyewe hapendi, na mezani pake pana kitu ninachokithamini kuliko vipimo vyote vya dijitali: globu ya kizamani ya wati 100, aliyoifunga njiani kati ya soketi ya ukutani na chombo anachokijaribu. Hakiwashi chombo alichokitengeneza pasipo kukipitisha hapo kwanza. Globu ikiwaka kwa nguvu zake zote, anajua kuwa ndani bado pana shoti, naye huzima papo hapo, transista mpya zikasalimika. Ikimulika kisha ikafifia hata waya wake ukabaki mwekundu tu, anajua kwamba kapasita zimekwisha kujaa na chombo ni kizima.

Nilimwona akimzuia kijana wake aliyekuwa na pupa ya kumkabidhi mteja mzigo wake. "Mwanangu, ngoja taa ikwambie," alisema. Kijana akaitika, "Haya, mwalimu," akaketi. Wakangoja wote wawili, macho kwenye waya ule, nami nikaona insafu ya kazi: kwamba mtu aliyekwisha kulifanya jambo hilo miaka na miaka bado hajipi ruhusa ya kukisia.

Kabla ya gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982 na kukaa ardhini zaidi ya miaka 20 ndipo ikazalisha umeme, miji yetu iliishi kwa majenereta ya dizeli. Huko Newala, ambako maji hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, umeme ukinyong'onyea ndoo hukauka. Na kwa kiu hiyo ya umeme, wanawake wa vijiji vya Lindi na Mtwara, wengine bibi wenye wajukuu, walipelekwa Tilonia nchini India, kwenye Barefoot College, wakajifunza kwa miezi sita kuunda saketi za sola kwa kuzitambua rangi za vipande vyake, hata wasiojua kusoma. Wakarudi kuviwashia taa vijiji vyao. Hakuna aliyewadai shahada.

Leo vyombo vingi huja vimemwagiwa gundi nyeusi juu ya saketi, hata asiyeviunda asiweze kuvifungua. Vikifa hutupwa chini ya mikorosho, na vijana wanaokaa miguuni pa mafundi wanapungua mwaka hata mwaka. Jambo hili linaniuma, maadam elimu isiyopokewa na kijana huzikwa pamoja na mzee.

Basi nyinyi mnaomtafuta mhandisi, mleteni Masasi mwezi wa Oktoba, mpeni inveta iliyokufa na globu ya wati 100, mumwulize imekufa kwa nini. Na yule atakayejibu baada ya kuifungua, si kabla, mpeni kazi, na mpeni vijana wawili wa hapa awafundishe.