Kiinimacho cha Kina: Kanuni ya Mtazamo na Hukumu za Uhakiki

Katika kanisa la Santa Maria Novella, mjini Florence, ukuta usio na tundu huonekana kana kwamba umefunguka. Katika mchoro wa Utatu Mtakatifu, alioutia ukutani hapo takriban mwaka 1427, Masaccio alichora dari ya tao ambayo mistari yake, iliyo sambamba katika jengo halisi, huelekeana na kukutana kwenye nukta moja chini ya msalaba. Nukta hiyo iko karibu na kimo cha macho ya mtu aliyesimama sakafuni. Miraba ya dari hupungua kwa uwiano, na jicho huusoma udogo huo kuwa umbali. Leon Battista Alberti aliifafanua kanuni hiyo kwa maandishi mwaka 1435.

Hata hivyo, kiinimacho hicho kina sharti lake: jicho moja, lililotulia mahali pamoja. Mtazamaji akisogea kando, kina hulegea. Kwa hiyo kanuni ya mtazamo ni makubaliano baina ya mchoraji na mtazamaji, wala si kipimo cha sanaa yote.

Hapo ndipo uhakiki hupotoka unapoziona picha za Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, kuwa za kitoto kwa kukosa kina. Mnyama wake, aliyeujaza ubao juu ya usuli mtupu, hampangii mtazamaji mahali pa kusimama. Mtaala unaotuza kina pekee haupimi ustadi wa mwanafunzi. Hupima utiifu wake kwa makubaliano ambayo hakushiriki kuyafunga.